Uchambuzi wa kisa: prosesa ya nyuzi 90 na joto lililotoka kwingine

Muhtasari

Kompyuta ya michezo yenye umri wa miaka mitatu ilianza kukwama-kwama kila mchezo ulipofika dakika ya ishirini hivi. Prosesa ilisoma nyuzi 90 za Selsiasi. Mwenyewe alikuwa amebadilisha pesti ya prosesa (uji mzito unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye kipoza) mara mbili bila nafuu, na alikuwa tayari kununua kipoza cha maji chenye rejeta ya milimita 360. Vipimo vilionyesha matatizo matatu tofauti yaliyorundikana juu ya namba moja. La kushangaza zaidi, kukwama kwenyewe hakukusababishwa na prosesa.

Usuli

Prosesa ni Ryzen 7 5800X: viini 8 (sehemu zinazofanya hesabu, kila moja peke yake), nyuzi 16 za kazi (mbili kwa kila kiini), soketi ya AM4. Kwa mipangilio ya kiwandani imepangiwa wati 105 za joto, lakini umeme inaoruhusiwa kuvuta unafika wati 142. Kikomo chake cha joto ni nyuzi 90. Ikikifikia haiungui, inapunguza kasi na volti yenyewe ili isikivuke.

Kipoza ni cha hewa: mnara mmoja, mabomba sita ya joto, feni moja ya milimita 120. Kadi ya michoro inavuta wati 320 na ina chipu za kumbukumbu za aina ya GDDR6X. Kasha lina kioo mbele, na nyuma ya kioo kuna feni mbili za milimita 140 za kuingiza hewa. Feni moja ya nyuma inatoa hewa, na nyingine iko juu, upande wa mbele wa kasha, nayo inatoa.

Malalamiko yalikuwa mahususi, na hilo lilisaidia sana. Mchezo ulianza na wastani wa fremu 138 kwa sekunde. Baada ya dakika 25 ulishuka hadi 116, na asilimia 1 ya fremu za polepole zaidi ilishuka kutoka 97 hadi 54. Huko kushuka kwa pili ndiko mchezaji anakokuhisi mkononi, kwa sababu ndiko kunakoleta kukwama.

Vipimo kabla ya kugusa skrubu

Fundi alikataa kufungua chochote kwanza. Aliwasha HWiNFO, programu inayosoma vihisi vya kompyuta, akaiweka isome kila sekunde 1 na kuhifadhi kumbukumbu kwenye faili, akafuatilia mambo matano: joto la prosesa, wati za prosesa nzima, kasi halisi ya viini, joto la kadi pamoja na la kumbukumbu zake, na mizunguko ya feni. Joto la chumba lilikuwa nyuzi 27, na majaribio yote yaliyofuata yalifanywa katika joto hilo hilo. Usipoandika joto la chumba, vipimo vya leo na vya kesho havilinganishiki.

Kisha akaning'iniza kipimajoto chenye waya mwembamba sentimita tatu mbele ya feni ya kipoza, ndani ya kasha. Kifaa hiki kidogo ndicho kilichofumbua nusu ya kisa, kwa sababu kinaonyesha hewa ambayo kipoza kinavuta, na mara nyingi hewa hiyo huwa ya moto kuliko hewa ya chumba.

Jaribio la kwanza lilikuwa Cinebench R23, programu inayoipa prosesa mzigo mzito na kutoa alama za nguvu yake, kwa dakika 10, prosesa peke yake, kadi ikiwa imepumzika. Joto liliruka kutoka 41 hadi 84 ndani ya sekunde tatu, likafika 90 kabla ya dakika ya pili na kuganda hapo. Umeme ulianzia wati 168, ukashuka wenyewe hadi 131. Alama zilikuwa 14,700.

Jaribio la pili lilikuwa mchezo wenyewe, kasha likiwa limefungwa. Prosesa ilivuta wati 82 tu, karibu nusu ya jaribio la kwanza. Ilianzia nyuzi 71 na kupanda polepole, ikafika 88 katika dakika ya 25, huku ikigusa 90 kwa vipindi. Kipimajoto cha ndani kilianzia 31 na kufika 46.

Jaribio la tatu lilikuwa mchezo ule ule, kioo cha mbele na ubavu wa kasha vikiwa vimeondolewa. Kipimajoto kilitulia 33, prosesa 74.

Kusoma umbo la kupanda

Joto linaloruka ndani ya sekunde chache na joto linalopanda kwa nusu saa ni habari mbili tofauti, hata kama yote mawili yanaishia 90.

Kuruka kwa sekunde tatu hakuwezi kutokana na hewa ya kasha. Hewa haipati moto haraka hivyo, wala chuma cha kipoza. Kinachoonekana katika sekunde hizo ni njia fupi kati ya chipu na kitako cha kipoza: chipu, kifuniko chake cha chuma, pesti, kitako. Kuruka kukiwa kukubwa, ama njia hiyo imebanwa ama umeme unaopitishwa ni mwingi mno. Hapa dalili za yote mawili zilikuwepo, maana wati 168 zinavuka kikomo cha kiwandani cha 142. Ubao mama ulikuwa umeongeza kikomo wenyewe kupitia mpangilio wa "Auto", jambo la kawaida kwenye mbao nyingi za michezo.

Kupanda kwa polepole ni habari ya hewa. Katika jaribio la pili prosesa ilipanda nyuzi 17, na hewa iliyoingia kwenye kipoza ilipanda nyuzi 15. Karibu kila nyuzi ambayo prosesa iliongeza ilitoka nje yake. Ukitoa joto la hewa kutoka joto la prosesa unabaki na 42 kasha likiwa limefungwa, na 41 likiwa wazi. Kipoza kilikuwa kinafanya kazi ile ile. Kilichobadilika ni hewa iliyokuwa ikikifikia.

Hewa hiyo ilipashwa na kadi ya michoro. Wati 320 zinamwagwa ndani ya kasha lisilopumua, na kipoza cha prosesa kiko juu ya kadi, mahali pale pale joto linapopandia.

Faili la HWiNFO lilikuwa na jambo jingine. Dakika ya 25, kasi ya prosesa ilikuwa imeshuka kutoka GHz 4.75 hadi 4.65, tofauti ambayo hakuna mchezaji angeihisi. Kadi nayo ilikuwa imefika nyuzi 83, kumbukumbu zake nyuzi 110, na kasi yake imeporomoka kutoka MHz 1,905 hadi 1,665. Kumbukumbu za GDDR6X zikifika 110 kadi hujibana. Kukwama kulitoka huko. Prosesa ililaumiwa kwa sababu namba yake ndiyo iliyokuwa ikionekana kwenye kona ya skrini. Joto la kumbukumbu za kadi halikuwa limewekwa pale.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutonunua kipoza cha maji. Rejeta kubwa ingevuta hewa ile ile ya nyuzi 46, au ingewekwa mbele na kumwaga joto la prosesa juu ya kadi iliyokwisha kuelemewa. Kuruka kwa sekunde tatu kungepungua kidogo tu, kwani mbano mkubwa uko ndani ya chipu. Viini vyote 8 vya 5800X viko kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye ukubwa wa milimita za mraba 81 hivi, na joto lote hilo linapita kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Uamuzi wa pili ulikuwa kubadilisha jambo moja kwa wakati na kupima upya kila mara, kwa mpangilio huu: hewa, mgusano, kisha umeme. Mpangilio huo haukuwa bora, na sababu itaonekana.

Hatua ya kwanza: hewa

Kioo kilipotoka, chujio la vumbi lilikuwa na ngozi ya kijivu nene kama blanketi. Hata baada ya kusafishwa, hewa ilikuwa na mwanya wa milimita 8 tu kila upande wa kioo. Kioo kiliwekwa kando, na mahali pake ukawekwa wavu wa sumaku unaoshika moja kwa moja kwenye chuma cha kasha. Unazuia vumbi na unapitisha hewa.

Feni ya juu upande wa mbele ilikuwa na kosa linalorudiwa sana. Ilitoa nje hewa baridi iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia, kabla haijafika kwenye kipoza. Ilihamishwa chini mbele, ikawa ya tatu ya kuingiza hewa, ikielekea kadi. Ukisahau mwelekeo wa feni, angalia mikono inayoshika mota: hewa hutokea upande huo.

Kisha ikaja mizunguko. Feni za kasha zilikuwa zikifuata joto la prosesa, ambalo katika mchezo halitoi habari kamili. BIOS nyingi (programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama) haziwezi kusoma joto la kadi, kwa hiyo ilitumika programu ya FanControl, inayoweza kuchukua joto lililo kubwa zaidi kati ya vihisi viwili, cha prosesa na cha kadi. Feni ziliwekwa zizunguke kwa asilimia 40 chini ya nyuzi 55, na kupanda taratibu hadi asilimia 80 kwenye nyuzi 75. Ziliwekewa pia ucheleweshaji wa sekunde chache ili zisipige kelele kila prosesa inaporuka kidogo.

Mchezo ulipopimwa tena, hewa mbele ya kipoza ilitulia nyuzi 34, prosesa 75, kadi 72, kumbukumbu 98. Kukwama kulikoma siku hiyo hiyo, kabla pesti haijaguswa.

Hatua ya pili: mgusano

Kutoa kipoza kwenye soketi ya AM4 kunahitaji uangalifu. Prosesa yenyewe ina pini 1,331 upande wa chini, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa pamoja na kipoza hata kama kishikio cha soketi kimefungwa. Kwa hiyo kompyuta ilipewa mzigo kwa dakika 10 pesti ilainike, ikazimwa na kuchomolewa umeme, skrubu zikalegezwa kwa kupokezana, kisha kipoza kikazungushwa kidogo kushoto na kulia mpaka kikaachia. Hakikuvutwa juu moja kwa moja.

Alama iliyobaki kwenye kitako ilieleza kila kitu. Kona moja ilikuwa karibu chuma tupu, na kona iliyo mkabala ilikuwa na pesti nene, yenye mistari kama mkate uliopakwa siagi kwa haraka. Kipoza kilikuwa kimeinama. Mwenyewe alieleza kwamba alikaza skrubu ya kwanza hadi mwisho, kisha akahangaika na ya pili. Mara zote mbili alizobadilisha pesti alirudia kosa hilo hilo, kwa hiyo pesti mpya haikuwa na la kurekebisha.

Nyuso zote mbili zilisafishwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Iliwekwa pesti ya ukubwa wa njegere katikati, na vidoa vinne vidogo kuelekea kwenye kona. Kipoza kilishushwa wima, kila skrubu ikapewa mizunguko miwili tu ya kushika uzi, kisha nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule mpaka zote mbili zikagota. Pesti ikizidi kidogo hujisukuma nje pembeni na haina madhara. Ikipungua, au kipoza kikiinama, hasara ni kubwa.

Cinebench ikaendeshwa tena. Joto lilikuwa 90. Lile lile.

Hapa fundi alikaribia kuamini kwamba kazi imepotea bure. Faili lilionyesha vingine: umeme sasa ulitulia wati 146 badala ya 131, na alama zilipanda hadi 15,000. Prosesa iliyoachiwa wati nyingi hujaza nafasi yoyote unayoipa. Ukiboresha kipoza inavuta zaidi, mpaka inafika tena kwenye kikomo chake. Joto likiwa limeganda kwenye kikomo haliwezi kukuambia kama umefanikiwa, tazama wati.

Hatua ya tatu: umeme

Kwenye BIOS, sehemu ya Precision Boost Overdrive inayosimamia vikomo vya umeme vya prosesa, mpangilio wa "Auto" ulibadilishwa kuwa wa mkono. Kikomo cha umeme wa prosesa, kinachoandikwa PPT, kiliwekwa wati 142. Joto katika Cinebench likawa 88 na alama zikabaki karibu zile zile. Kikashushwa hadi 120: joto 79, alama 14,500. Wati 22 pungufu zilileta nyuzi 9 na kugharimu asilimia 3 hivi ya nguvu katika kazi nzito. Katika mchezo hazikugharimu kitu, kwa sababu mchezo haukuwa ukifika wati 120 hata kidogo.

Mwisho uliguswa Curve Optimizer, mpangilio unaopunguza volti ya kila kiini kwa hatua ndogo ndogo, kila hatua ikiwa milivolti 3 hadi 5. Fundi aliweka hasi 30 kwa viini vyote. Majaribio ya mzigo yalipita yote. Usiku huo kompyuta ikajizima ikiwa imekaa tu bila kazi.

Kosa hilo linafundisha. Volti ndogo mno haionyeshi udhaifu chini ya mzigo mzito, ambapo kasi iko chini. Inaonyesha pale kiini kimoja kinaporuka hadi kasi ya juu kabisa kwa muda mfupi, yaani wakati wa kazi nyepesi. Kumbukumbu za matukio za Windows zilikuwa na tukio namba 18 la WHEA-Logger, yaani ripoti ya hitilafu ya vifaa, lenye APIC ID 8, namba ya uzi wa kazi uliokosea. Viini vikiwa 8 na nyuzi za kazi 16, gawanya kwa 2: ni kiini namba 4 ukihesabu kuanzia sifuri. Ryzen Master, programu ya mtengenezaji wa prosesa, ilithibitisha kuwa hicho ni kimoja kati ya viini bora viwili vya prosesa hiyo. Viini bora hupewa volti ndogo tangu kiwandani, hivyo hubaki na nafasi finyu ya kupunguzwa tena.

Viini hivyo viwili viliwekwa hasi 10, sita vilivyobaki hasi 22. CoreCycler, inayojaribu kiini kimoja kimoja kwa mzigo mwepesi, iliachwa ikizunguka usiku kucha bila kosa.

Matokeo

Cinebench ya dakika 10: nyuzi 79, wati 120, alama 15,200, yaani zaidi ya zile za mwanzo zilizopatikana kwa nyuzi 90. Kikomo cha wati kikiwa kile kile, kupunguza volti hakukushusha joto katika kazi hiyo, kuliongeza kasi. Katika mchezo, ambako kikomo hakifikiwi, wati zilishuka kutoka 82 hadi 75.

Mchezo wa saa nzima: prosesa 68, hewa ya ndani 34, kadi 72, kumbukumbu 98. Fremu 139 kwa wastani, na asilimia 1 ya polepole 101, tangu mwanzo hadi mwisho. Vitu pekee vilivyonunuliwa ni wavu na pesti.

Baada ya miezi minne mwenyewe alirudia jaribio lile lile katika chumba cha nyuzi 27. Prosesa ilikuwa 71. Wavu uliposafishwa kwa brashi, ikarudi 68.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Kipimajoto cha waya na jaribio la kasha wazi ndivyo vilivyokata shauri. Kuondoa ubavu na uso wa kasha huchukua dakika mbili na hakuharibu kitu. Prosesa ikishuka zaidi ya nyuzi 5 hivi katika mchezo, shida ya kwanza ni hewa, na hakuna pesti itakayoiondoa. Isiposhuka, geukia mgusano na umeme.

Majaribio mawili ya mwenyewe ya kubadilisha pesti yalishindwa kwa sababu hakupima kabla wala hakuchunguza alama ya pesti ya zamani. Alama ile haitengenezeki upya ukishaifuta. Ipige picha kabla hujashika kitambaa.

Mpangilio wa hatua ulikuwa na kasoro. Kikomo cha umeme kilipaswa kuja mwanzoni kabisa: ni mpangilio wa BIOS, hauhitaji bisibisi, unarudishwa kwa dakika moja. Muhimu zaidi, unaitoa prosesa kwenye kikomo cha nyuzi 90, ili mabadiliko mengine yote yasomeke kwenye joto. Kama wati zingefungwa 120 tangu siku ya kwanza, kipoza kilichonyooshwa kingeonekana papo hapo kama nyuzi tano au zaidi, na fundi asingesimama mbele ya namba isiyosogea akijiuliza amekosea wapi.

Kuruka kwa hasi 30 kulikuwa haraka isiyo na faida. Kuanzia hasi 10 kwa vyote na kushuka kwa hatua tano tano kungechukua siku mbili zaidi na kusingemzimia mtu kompyuta usiku.

Jambo moja halikuondoka. Prosesa hii ikiwa imepumzika bado inaruka kutoka 42 hadi 60 kwa sekunde moja kila programu inapofunguliwa. Mwenyewe aliuliza kama hilo nalo litengenezwe. Hapana: kiini kimoja kinapewa volti kubwa kwa muda mfupi kwenye kipande kidogo cha silikoni, na kihisi kinakiona mara moja. Kilichorekebishwa ni feni tu, kwa ule ucheleweshaji wa sekunde chache, ili zisikimbizane na kila mruko.